Kusoma Shahada ya Sayansi ya Mazingira Ukitokea Tanga: Mwongozo Kamili Kuanzia Tahasusi Hadi Kazi

Mwanafunzi wa Tanga anayetaka kusoma sayansi ya mazingira amezaliwa katikati ya somo lake. Kwa nauli ya daladala na bodaboda anaweza kufika kwenye misitu ya Usambara Mashariki, kwenye mto unaolinywesha jiji zima, kwenye mikoko na matumbawe, kwenye mashamba ya mkonge, na Chongoleani linakoishia bomba la mafuta ghafi. Hata hivyo, wengi huondoka kwenda chuoni bila kuwahi kuvitazama vitu hivyo kwa jicho la upimaji, wakarudi baada ya miaka mitatu wakiwa na cheti kizuri na maelezo ya jumla ambayo mtu yeyote angeyapata redioni.

Tatizo la shahada hii ni upana wake. Ndani yake mna kemia, baiolojia, udongo, hali ya hewa, ramani, takwimu, sheria na uchumi, na kila somo hupewa muhula mmoja au miwili tu. Asiyejichagulia mhimili mapema hutoka akiwa kama mvuvi mwenye nyavu za kila aina asiyeujua mwamba hata mmoja. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zinaelekea sehemu moja: uhitimu ukiwa na jambo moja unaloweza kulipima vizuri, na mahali pamoja unapopafahamu kwa undani.

Hatua ya kwanza: fahamu unachokwenda kusoma

Majina ya shahada zinazokaribiana huwachanganya waombaji, na kosa la hapa ni gumu kulirekebisha baadaye. Uhandisi wa mazingira kwa kawaida huchukua miaka minne, hudai hisabati na fizikia, na humwandaa mtu kusanifu mitambo ya kusafisha maji, mifumo ya majitaka na dampo la kisasa. Afya ya mazingira humwelekeza mtu kwenye kazi ya afisa afya: ukaguzi wa vyakula, vyoo, magonjwa ya mlipuko na usafi wa makazi. Uhifadhi wa wanyamapori unahusu hifadhi na wanyama wenyewe. Sayansi ya mazingira, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu, inashughulika na uhusiano wa vitu hivi vyote: kitu fulani kimetokea katika maji, hewa, ardhi au viumbe, kimesababishwa na nini, kwa kiasi gani, nani anaathirika, na sheria inasema nini.

Chukua bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mhandisi atashughulikia unene wa chuma na joto la mafuta yanayopita ndani. Mwanasayansi wa mazingira ataulizwa mikoko na matumbawe ya eneo hilo yako katika hali gani kabla ya meli za mafuta kuanza kuingia, mafuta yakimwagika wakati wa kusi, yaani msimu wa pepo za kutoka kusini, yatasukumwa upande gani, wavuvi wa vijiji jirani wanatumia maeneo gani kwa msimu gani, na ni vipimo vipi virudiwe kila mwaka ili mabadiliko yajulikane mapema. Maswali ya aina hiyo yakikuvutia, endelea. Ikiwa kinachokuvutia zaidi ni kusimama jukwaani na kuhamasisha watu wapande miti, kazi hiyo ina heshima yake, lakini haihitaji miaka mitatu ya kemia na takwimu.

Hatua ya pili: chagua tahasusi kwa kuangalia kemia

Tahasusi zinazofungua milango mingi ni PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. CBG inalingana vizuri zaidi na mtaala wa shahada hii, na ni mbaya kwamba shule nyingi huichukulia kama kimbilio la walioikosa PCB. Tahasusi nyingine zenye jiografia zinaweza kukubaliwa na baadhi ya vyuo, hasa kwa programu zinazoegemea usimamizi na sera, lakini asiyekuwa na kemia atapata taabu mara tu masomo ya ubora wa maji na uchafuzi yatakapoanza.

Kigezo cha chini cha kujiunga na chuo kikuu kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, kwa hesabu ya A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1. Hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Kila programu hutaja masomo inayoyataka, na ushindani huweza kuipandisha alama juu ya kizingiti hicho. Mwenye stashahada inayohusiana na fani hii anaweza kuingia kwa wastani wa alama 3.0, mradi stashahada hiyo inatambuliwa.

Usiipuuze hisabati tumizi ya msingi, ile ambayo wanafunzi wa PCB na CBG huisoma kwa kujikaza ili mradi wafaulu. Takwimu ndiyo itakayokutofautisha na wenzako mwaka wa tatu, na msingi wake ni huo huo.

Hatua ya tatu: soma orodha ya kozi kabla ya kusoma jina la chuo

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoonyesha programu zilizoidhinishwa na sifa za kila moja. Tumia toleo la mwaka unaoomba, kwa sababu programu huanzishwa, hubadilishwa majina na hufungwa. Maombi yenyewe hupelekwa moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wa chuo husika, na ukichaguliwa na zaidi ya kimoja utatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa kuwa namba ya simu waliyojaza ni ya mtu aliyekwisha kuhama nayo.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina nguvu ya misitu, udongo na kilimo nyuma yake. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kimezungukwa na mipango miji, upimaji wa ardhi na uhandisi, hivyo mwelekeo wake ni mazingira ya mijini, taka na tathmini za miradi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa sayansi za maji pamoja na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, jambo la maana kwa mtoto wa pwani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha masomo ya mazingira kwa njia ya masafa na kina kituo chake Tanga, na kwa mtu mwenye kazi au familia hilo ni chaguo la kweli, ingawa litamdai nidhamu kubwa zaidi na juhudi za kujitafutia muda wa maabara.

Ukishapata majina, tafuta mtaala wa kila programu na uusome kozi kwa kozi. Hesabu kozi zenye saa za maabara. Angalia kama takwimu inafundishwa mara moja tu au inaendelea, kama mifumo ya taarifa za kijiografia ni ya lazima au ya hiari, na kama mwaka wa mwisho una utafiti wa mtu mmoja mmoja au wa kikundi. Kisha mtafute mtu aliyesoma pale miaka ya karibuni, umuulize swali moja: ni mara ngapi walitolewa nje ya darasa kwenda kupima kitu? Jibu lake litakufaa kuliko picha za majengo kwenye tovuti.

Hatua ya nne: panga fedha mapema

Mkopo wa serikali huombwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na kinachowakwamisha wengi ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo pia. Majina yako yanapaswa kufanana katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha mdhamini aliyekutaja. Familia nyingi za pwani zina mtoto anayeitwa Mwanahamisi nyumbani na Hamisa shuleni; lishughulikie hilo ukiwa bado kidato cha tano. Kumbuka pia kwamba mkopo hurejeshwa, na mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake.

Katika bajeti yako weka fungu ambalo karatasi ya ada haitalitaja waziwazi: mabuti ya mpira, koti la mvua, madaftari magumu, nauli za kwenda kwenye maeneo ya utafiti na, ukiweza, kompyuta ndogo hata iliyotumika. Bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, likichelewa, vitu hivi ndivyo huachwa kwanza, na shahada hii bila kompyuta ni mateso.

Hatua ya tano: itumie miezi ya kusubiri

Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka karibu na Julai na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata baada ya kutoa muda wa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, hubaki wiki kadhaa ambazo wengi huzimaliza kijiweni.

Anza kwa kulijua jiji lako kupitia maji. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka Mto Zigi kupitia Bwawa la Mabayani, na Zigi unaanzia kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Msitu huo hunasa ukungu na mvua na kuuachia mto polepole. Palipochimbwa dhahabu kiholela kwenye vijito vya Sakale miaka ya 2000, hofu ilikuwa tope na zebaki kuteremka kuelekea jiji. Fuata mto huo kwa vituo vichache, ukitumia njia za umma na ukiomba ruhusa panapohitajika: Amani, Muheza, kisha ukanda wa Amboni kabla haujaingia baharini. Katika kila kituo andika rangi ya maji, kina kwa makadirio, mimea ya ukingoni, watu wanafanya nini mtoni, saa na hali ya mvua ya siku mbili zilizotangulia. Fanya hivyo tena vuli zikianza, na utakuwa tayari na jambo la kulinganisha.

Nenda pia Kigombe. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009 kwa sababu ya samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za madinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa ukanda huu walikuwa wakimpata kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Toa shikamoo, kaa na wazee wanapotengeneza nyavu, na usianze na maswali ya uvuvi wa baruti. Jambo hilo lina kesi na ugomvi ndani yake. Uliza juu ya pepo, bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) na samaki wa kila msimu. Utajifunza ikolojia ambayo mhadhiri ataifundisha kwa istilahi nyingine.

Jioni, ukiwa nyumbani, pakua programu ya ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure, na ujifunze kufungua picha za satelaiti za Sentinel-2 na Landsat. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu mwaka 2008 na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 1970, hivyo unaweza kuutazama ukanda wa Tanga na Pangani ukibadilika ndani ya umri wa wazazi wako.

Hatua ya sita: mwaka wa kwanza, jenga msingi na linda wastani

Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza kwa jumla: darasani, maabara na peke yako. Maana yake ni kwamba kazi yako ni ya siku nzima. Mwaka wa kwanza utasoma kemia, baiolojia, sayansi ya dunia, hisabati na stadi za mawasiliano pamoja na wanafunzi wa programu nyingine, na utajiuliza mazingira yenyewe yako wapi. Yatakuja. Anayebweteka wakati huu huanza kubeba masomo ya kurudia, na akifika mwaka wa pili anagongana ratiba na kozi zenye maabara. Wastani huhesabiwa tangu muhula wa kwanza, na kuupandisha baadaye ni kazi kubwa kuliko kuulinda.

Hatua ya saba: jifunze kupima, na upime kwa uaminifu

Hapa ndipo shahada ilipo, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Tuseme unachukua sampuli za maji ya mto. Kabla ya kutoka, vifaa vya kupimia asidi, chumvi na oksijeni hulinganishwa na myeyusho wa kiwango unaojulikana, na namba hizo huandikwa kwenye daftari. Ukifika, ingia mtoni polepole na usimame ukiutazama mkondo unakotoka, ili tope ulilotibua liende nyuma yako. Chupa ya kemikali suuza mara tatu kwa maji ya mto huo huo, kisha izamishe kina cha kiasi cha sentimita 20 hadi 30, mdomo ukielekea mkondo, usikwangue sakafu wala kukusanya povu la juu. Chupa ya bakteria haisuuzwi kamwe, kwa kuwa imetakaswa maabara. Huachwa nafasi kidogo ya hewa juu. Chupa ya kupimia mahitaji ya oksijeni, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu wanapoozesha uchafu majini, kinyume chake hujazwa hadi isibaki hata tone la hewa. Joto, asidi, chumvi na oksijeni hupimwa papo hapo, kwa sababu hubadilika njiani. Sampuli huwekwa kwenye kasha lenye barafu na kufikishwa maabara siku hiyo hiyo.

Kila hatua ina sababu ambayo lazima uielewe. Maji safi ya nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifikia nyuzi 30 hushuka hadi karibu miligramu 7.5, hivyo kipimo cha oksijeni kisichoandikiwa joto hakina thamani. Kipimo cha mahitaji ya oksijeni huchukua siku 5 kwa nyuzi 20, na umeme ukikatika katikati, kipimo hicho kimeharibika na kinapaswa kuandikwa hivyo. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100, kwa hiyo chupa moja chafu inaweza kumsingizia mtu kisima chake.

Pwani huongeza jambo ambalo vitabu vingi vya nchi za ndani havilisisitizi, nalo ni maji kupwa na kujaa. Sampuli ya mdomo wa Mto Pangani iliyochukuliwa maji yakiwa yamejaa wakati wa bamvua ni maji ya bahari kwa sehemu kubwa; ile ya maji kupwa ni ya mto. Ukizichanganya bila kuandika saa na hali ya maji, utadhani uchafuzi umepungua, kumbe bahari imeingia. Bamvua hutokea mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa mno majira ya saa nne au saa tano asubuhi. Anayetaka kupima mikoko hupanga siku hizo, huingia saa mbili wakati maji yanashuka, na saa sita awe anafunga kamba zake.

Kwa mikoko, tandaza mstari wa upimaji kutoka baharini kuelekea nchi kavu, kwa sababu miti hujipanga kwa kanda. Mlilana husimama mbele kwenye mawimbi, mkoko wenye mizizi ya kujipinda hufuata, mkandaa hukaa nyuma zaidi, na mchu unaweza kuuona pande zote mbili. Katika mstari huo pima viwanja vya mita 10 kwa 10. Kipenyo cha mti hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, isipokuwa mkoko, ambao hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Hesabu miche, na hesabu visiki pia, kwa sababu visiki ndivyo vinavyoeleza ukataji. Viwanja vitatu vilivyobanana mahali pamoja si ushahidi wa msitu mzima. Ni ushahidi wa mahali hapo, uliorudiwa mara tatu.

Nafasi hii inatosha kusema neno juu ya kampeni za kupanda mikoko. Miche mingi hupandwa kwenye tope tupu la mbele ambako mikoko haijawahi kuota, picha hupigwa watu wakiwa na fulana zinazofanana, na baada ya kusi moja hakuna kilichosalia. Mwanafunzi anayejua kanda za mikoko angeweza kulizuia hilo kwa dakika tano za mazungumzo.

Hatua ya nane: mwaka wa pili, chagua mhimili

Chagua kati ya ubora wa maji, bahari na pwani, misitu na bayoanuai, taka na uchafuzi wa mijini, au ramani na picha za satelaiti. Uchaguzi uongozwe na mambo mawili: kazi ambayo huichoki hata ukirudia mara nyingi, na vifaa ambavyo chuo chako kinavyo kweli. Kupenda bahari katika chuo kisicho na boti wala maabara ya bahari kunawezekana, lakini itabidi utafute msimamizi wa nje mapema.

Mhimili wowote utakaouchagua, takwimu na ramani hazikwepeki. Jifunze programu ya takwimu ya R, ambayo nayo ni ya bure. Wanafunzi wengi humlipa mtu wa steshenari awachambulie data mwaka wa tatu, na siku ya utetezi wakiulizwa kwa nini walitumia kipimo fulani, hunyamaza. Soma pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kutoka kwenye andiko lenyewe, pamoja na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira. Ukiwa na sheria mkononi utaelewa hata mambo ya sokoni, kama vile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na kwa nini vifungashio vingine vya plastiki bado vipo.

Hatua ya tisa: mafunzo kwa vitendo

Omba nafasi miezi kadhaa kabla, kwa barua ya chuo, na uombe mahali pengi. Tanga kuna mamlaka ya maji, ofisi za halmashauri, Wakala wa Huduma za Misitu, ofisi za hifadhi ya bahari, viwanda, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano wilayani Muheza, ambacho kinajulikana kwa udongo na mkonge. Katika barua yako usiandike kwamba unataka kujifunza kazi. Andika unachoweza kufanya tayari: kuchora ramani, kuchukua sampuli, kuingiza na kusafisha data. Ofisi nyingi humpa mwanafunzi kazi ya kuchapa na kupeleka faili kwa sababu hazijui afanye nini. Ukiona wiki ya kwanza imepita hivyo, mwombe msimamizi kwa heshima akukabidhi kazi moja ndogo ya kupima, hata kama ni kuandika wingi na aina ya taka zinazoshushwa dampo kila siku.

Hatua ya kumi: utafiti wa mwaka wa mwisho

Mada nzuri ni swali dogo linaloweza kujibiwa kwa fedha na muda ulio nao. “Mabadiliko ya tabianchi katika Mkoa wa Tanga” si mada ya mwanafunzi. Amani kuna mti uitwao Maesopsis eminii, ulioletwa na kupandwa, ukaenea ndani ya msitu kwenye mapengo yaliyoachwa na ukataji wa mbao wa mashine wa miaka ya 1970 na 1980, na mbegu zake husambazwa na ndege aitwaye hondohondo. Ni wingi gani wa miche yake uko karibu na njia ukilinganisha na ndani ya msitu? Hilo linapimika kwa kamba, daftari na wiki mbili. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani kilikuwa na miti na kilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo. Kwa picha za satelaiti unaweza kupima jinsi fungu hilo linavyosogea kati ya kaskazi na kusi bila hata kukodi boti kila mara. Chumvi inayopanda Mto Pangani wakati wa kiangazi nayo inangoja mtu mwenye kipimo kimoja na ratiba ya maji.

Vibali usiviache mwisho. Anza na barua ya chuo, kisha ofisi ya wilaya, kisha mtendaji wa kijiji. Msitu wa hifadhi, ikiwemo mikoko, unahitaji idhini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na eneo la hifadhi ya bahari linahitaji idhini ya hifadhi. Ukimaliza, rudisha matokeo kijijini kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili na kikao kifupi. Watu wa pwani wamehojiwa sana na watafiti wasiorudi, na atakayekuja baada yako atapokewa kulingana na ulivyoondoka.

Hatua ya kumi na moja: kuingia kazini

Sheria ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri ziwe na maafisa usimamizi wa mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lililoundwa mwaka 1983, ndilo lililobeba ukaguzi na uratibu wa tathmini za athari. Nafasi za serikali ni chache na hutangazwa kwa msimu, hivyo anayezitegemea hizo peke yake atakaa nyumbani muda mrefu. Kazi nyingi za kwanza hupatikana kwenye kampuni za ushauri zinazoandaa tathmini za miradi, kwenye viwanda vinavyolazimika kufuatilia moshi na maji yao, kwenye mamlaka za maji na kwenye miradi ya uhifadhi.

Anayetaka kuandaa tathmini kwa jina lake lazima asajiliwe kuwa mtaalamu wa mazingira, na usajili huo huzingatia elimu pamoja na uzoefu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kazi tunza orodha ya kila mradi ulioshiriki, sehemu uliyoiandika na jina la mtaalamu aliyekusimamia. Kwenye maombi ya kazi ambatisha kurasa mbili: ramani moja uliyoichora mwenyewe, na jedwali moja la data ulizozikusanya lenye tarehe, mahali, njia ya upimaji na kasoro zake. Usaili ukifika, jedwali hilo ndilo watakaloliuliza, na majibu yake unayo kwa kuwa ulikuwepo mtoni.